Wa Mwisho Kuambiwa

Kavira wangu,

Mlima nimeupanda. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla ya salamu. Nimepanda kutoka Bugoye mpaka juu kwenye ukingo, pale mashamba ya kahawa yanapoishia na msitu unapoanza, na nimerudi mzima, ingawa uliapa kwamba binti wa Mkenya wa kiwanda cha saruji hawezi kupanda hata ngazi za kanisa bila kuomba maji. Miguu bado inauma. Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda chako hapa bwenini, maana changu kimejaa nguo za kufua, na pia kwa sababu chako bado hakijapata mtu. Matroni anataka kukigawa. Kila akija na msichana mgeni mlangoni, najilaza hapa katikati kama mbuzi aliyegoma njiani, wananitazama, wanaondoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangu uondoke Kiswahili changu hakina pa kwenda. Darasani ni Kiingereza, uani ni Lhukonzo, jikoni kwa wapishi ni Luganda, na nyumbani, baba akitoka zamu, tunasema Kibukusu chetu cha Bungoma. Kiswahili kilikuwa cha mimi na wewe tu, na hata hicho tulikuwa tunakigombania. Ulikuwa unasema, "Mukenya weye, Kiswahili yako inavaa viatu na kamba imefungwa. Yangu inatembeya miguu tupu, lakini inafika mbele yako." Nami nakujibu kwamba imefika mbele kwa sababu imeacha ngeli zote njiani. Tulikuwa wajinga, lakini tulikuwa wawili.

Kuna jambo sikuwahi kukushukuru. Ulipofika hapa Kasese kutoka Butembo, hukuwa na haja nami kabisa. Kinande chenu na Lhukonzo cha hapa ni mtu na pacha wake. Siku ya kwanza tu ulikuwa unacheka na wasichana wote wa bweni, na mimi niliyekaa hapa miaka nilikuwa bado nakodoa macho. Ungekwenda nao. Badala yake ukaja ukakaa kitandani kwangu, ukaanza kunisimulia kwa Kiswahili kile walichokuwa wanachekea. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani una mdomo mrefu tu.

Juzi Mwalimu Thembo aliingia darasani na soksi mbili zisizojuana. Niligeuka upande wako, mdomo tayari umefunguka, nikakuta dirisha. Siku nzima ile sikusema neno na mtu. Si kwamba watu ni wabaya, hapana, wananipa pole na wananiachia nafasi kwenye foleni ya maji. Lakini pole haichekeshi. Ninalotaka ni mtu wa kumwambia soksi.

Basi, barua hii si ya soksi. Ni habari ya Maren, mgeni wako, na jinsi nilivyotwikwa kazi ya kumwambia kwamba hupo tena.

Kwanza nikueleze walivyoniambia mimi, kwa sababu hukuwepo kuona. Likizo ilikuwa inakaribia kwisha. Jirani wa mama yako alimpigia baba simu kutoka Bwera, pale mpakani mlikohamia, akasema, "Kavira iko mugonjwa kidogo, Nekesa akuje amuone." Kidogo! Baba ni mtu mzima, alielewa hapo hapo. Nilimwona akikaa chini taratibu, kiatu kimoja bado kiko mkononi. Mimi sikuelewa kitu. Nilinunua maparachichi, nikachagua yale magumu magumu ili uyale ukishapata nafuu. Njia nzima mpaka Bwera nilikuwa nafanya mazoezi ya hadithi za kukuchekesha. Nilipofika nikakuta watu wamekaa chini ya turubai, nikadhani ni jumuiya yenu imekuja kukusalia.

Mama yako alinipokea mwenyewe. Hakunipitisha mbele; alinizungusha nyuma ya nyumba, akaniketisha kwenye kigoda, akaniwekea bugali ya muhogo na sombe, kile kisamvu chenu, yenye mawese na samaki. "Kula kwanza, mutoto yangu." Nikauliza uko wapi. "Iko ndani, iko nalala. Kula." Kavira, nilikula. Nilikula vizuri sana, nilikuwa nimetoka safari. Akaniongezea sombe, nikala na hiyo. Muda wote alikuwa ameketi mbele yangu ananitazama tu, na mimi nikaona aibu kidogo, nikadhani anashangaa Wakenya wanavyokula. Nilipomaliza akanimwagia maji mikononi. Kisha akaishika mikono yangu ikiwa bado inachuruzika, akaniambia.

Ilikuwa homa, ikapanda kichwani, na walikwisha kukuzika. Palepale Bwera, si Butembo, kwa sababu njia ya Beni haikuwa ya kupitisha jeneza wala mtu.

Najua ni desturi. Huku kote, na ng'ambo kwenu, na hata kwetu kwa kiasi chake, msiba hautumwi kwa simu na mtu aliyetoka njiani haambiwi na njaa tumboni. Atalishwa kwanza, apate nguvu ya kulia. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote, ila sikuwahi kuwa mimi ndiye wa kulishwa. Nilikasirika, Kavira. Nilimkasirikia mama yako, mtu aliyetoka kukuzika, na hasira hiyo niliibeba mpaka shuleni nikailalia. Niliona kama nimechezewa. Mimi natafuna, nalamba vidole, na watu wote chini ya turubai wanajua.

Sasa Maren. Unakumbuka walivyotupanga majozi na wanafunzi wa ile shule ya Denmark, kila mmoja na wake, tuzoeane kabla hawajaja? Wenzetu wakawa wanaandikiana kwa Kiingereza habari za mpira na simba. Wewe ukaamua kumfundisha wako Kiswahili kwa kumtumia sauti, kwenye simu ya mama yako, siku ambazo mama hajavuka nayo kwenda Kasindi kununua vitenge. Ndiyo maana ulipokaa kimya yeye hakushtuka. Alikuwa amezoea: simu ikivuka mpaka, Kavira hupotea, simu ikirudi, Kavira hurudi.

Walipofika, alishuka kwenye gari akitafuta uso wako. Ni mrefu yule, na ana mabega ya mtu anayeinamia milango. Aliniona mimi, akanijua kwa ile picha yetu ya sare za Jumapili, akanishika mikono. "Ah! Ni weye Mukenya ya viatu!" Watu wote wakacheka kwa jinsi Mzungu alivyosema Kiswahili. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kimetoka wapi. Kisha akauliza, "Na Kavira?"

Mwalimu Thembo alimjibu haraka kabla yangu, kwa Kiingereza chake cha mkutanoni, kwamba uko kwenu Bwera na unaumwa kidogo. Nilimwangalia. Baadaye akaniita pembeni. "Wewe Nekesa, wacha kwanza. Hiyo mtoto imetoka mbali. Ipumzike." Kesho yake ikawa wacha kwanza ione viboko. Kisha ikawa wacha kwanza ipande mlima, wamelipia, isije ikaharibikiwa safari. Si mtu mbaya, unamjua. Amekulia hapa, na kwao mtu haangushiwi jambo kama hilo akiwa na mzigo begani. Lakini kila siku aliyoiahirisha ilizidi kuwa nzito, na mwishowe akanitwika mimi. "Wewe ndiyo ya karibu. Utasema huko juu, akishakula. Halafu tunateremka na yeye polepole."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi mwenyewe sijawahi kulisema. Ni kweli. Tangu Bwera, neno lile lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu pamoja na jina lako. Watu wakiuliza nilikuwa nasema "yule rafiki yangu", kisha nanyamaza, wao wanamalizia. Lakini unajua jinsi ilivyo na Mwalimu Thembo, nikasema ndiyo, mwalimu.

Na Maren kila jioni ananiuliza, "Jumapili tutaenda kumuona Kavira?" Nami nasema tutaona.

Tuliondoka mapema, ule wakati ambapo mlima bado uko wazi kabla haujajifunika. Mbele kidogo ya Bugoye kulikuwa na kizuizi cha askari. "Nyinyi! Shuka! Simama pale, mstari moja!" Unajua nilivyokuwa na kiu ya Kiswahili? Nilifurahi. Nikamwambia kwa adabu zote, "Habari ya kazi, afande, tumefurahi kukuona." Akanitazama juu mpaka chini. "Hapana leta maneno mingi. Jina?" Ukiacha swali la Maren la kila jioni na zile wacha kwanza za mwalimu, ndiyo mazungumzo marefu ya Kiswahili niliyopata wiki hiyo, na nilikuwa nayafikiria mpaka daraja la Mubuku.

Aliyetuongoza anaitwa Bwambale, kijana wa pale pale, gambuti miguuni na panga mkononi. Alitusimamisha penye shamba la mwisho akatupa sheria. "Huku juu hapana piga mluzi, hapana kelele. Wenyewe ya mlima hawapendi. Mvua inakuja saa ile ile." Mvulana mmoja wa Denmark alisahau papo hapo akapiga mluzi wa mshangao alipoona jinsi njia inavyopanda. Bwambale hakumgombeza. Alichungulia mbinguni, kisha akamchungulia yule kijana, kama mtu anayemwonea huruma.

Kavira, njia ile ni ukuta. Kuna akina mama wanapalilia maharagwe mahali ambapo mimi nilikuwa nashika ardhi kwa mikono, na wanatusalimia bila hata kuhema. Mmoja alimwona Maren akiteleza, akamkatia fimbo, Maren akamwambia wasingya, asante ya huku, na kile kilima kizima kikacheka. Kwao Denmark, anasema, hakuna mlima hata wa kusingizia. Kuna kichuguu kimoja wanakipanda na kupiga picha. Nilikuwa mbele yake, nahesabu tu mapigo ya moyo, nikawa najiambia nitasema juu, akishakula, nitasema kwa Kiingereza, Kiingereza kina maneno laini.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Nekesa, tuende polepole, niko nachoka, weeh!"

Nilisimama. Sauti ilikuwa yake, nyembamba, ya pua. Lakini ile "weeh" ilikuwa yako, na ile pumzi unayoivuta mwishoni mwa sentensi kama mtu anayeonja chai ya moto ilikuwa yako, na "niko nachoka" ilikuwa yako, miguu tupu. Nilijifanya nafunga kamba za kiatu mpaka macho yakakauka. Yeye hana habari. Anadhani hicho ndicho Kiswahili, kwamba dunia nzima ya Waswahili inasema hivyo. Nilimjibu. Akajibu. Tukaendelea hivyo, yeye anasaga maneno yako, mimi namsahihisha nusu na nusu namwachia, mpaka nikasahau kwamba napanda.

Tulikuta kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi, na hapo ungejua nani ni nani: sisi wote wa huku tulitawanyika, mimi nikajikuta juu ya jiwe, na wao wakamzunguka kwa simu kama bwana harusi. Maren ananiita, "Kuja uone, haiume!" Nikamwambia aje amwambie mama yangu hilo. Akacheka, akaniuliza, "Na Kavira, anaogopa?" Nikasema, "Kavira? Kavira anakimbia kuliko mimi." Anapenda nini? Anapenda chai yenye tangawizi nyingi mpaka inauma. Anachukia nini? Anachukia hesabu na watu wanaotafuna kwa sauti. Unasikia, Kavira? Anapenda. Anachukia. Nilikuwa nasema hivyo njia nzima na hakuna aliyenikatiza. Nilikuwa na furaha, mwenzangu, furaha ya kweli, kisha Bwambale akasema tumefika, tutakula hapa.

Kutoka pale juu unaona Ziwa George limelala, unaona mabati ya Kasese yanametameta, na barabara kama uzi. Nyuma yetu mlima ulikuwa umeshajifunika. Maren aliuliza kwao Kavira ni upande gani. Nikamwonyesha lile wingu. Ukiweza kupita ndani yake na kushuka upande wa pili, nikamwambia, utakuta Beni, kisha Butembo. Akaliangalia sana.

Chakula kilikuwa chapati na mayai na ndizi. Nilimwona Mwalimu Thembo amekaa kwenye jiwe lake, ananikoholea. Nikachukua chapati yangu mwenyewe, maana yake ilikuwa ndogo, nikampa.

"Kula kwanza," nikasema. "Kula kwanza, halafu tutaongea."

Akashukuru, akauma. Akatafuna. Kisha nikaona anatafuna polepole, halafu akaacha kabisa, shavu limejaa. Akaitazama ile chapati. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama ziwa. Alimeza.

"Kavira alinifundisha," akasema. "Alisema, kwetu habari mubaya haiambiwe mutu mwenye njala."

Akaishusha ile chapati mapajani.

"Nekesa. Kavira iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa Kiingereza changu, kilinikimbia. Hata kwetu maneno laini yapo, ametutoka, hatunaye, amepumzika, lakini hakuna hata moja lililokuja. "Amekufa," nikasema. Kavira amekufa. Nililisikia masikioni mwangu kama limesemwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimengoja niangukiwe na kitu nikilisema, na hakuna kilichotokea, isipokuwa mtu mmoja mbele yangu alibadilika uso.

Hakulia kama sisi tunavyolia. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu likizo. Akafikiri, nikaona anarudi nyuma siku moja moja, zile jioni zote alizoniuliza habari za Jumapili. "Na muko munaniambia leo?" akasema. "Bote muko munajua?" Aliiweka chapati juu ya jani, vizuri, hakuitupa, akasimama akaenda zake kando ya ukingo. Bwambale alimfuata kwa mbali. Hasira ile naijua. Ni yangu mwenyewe, ile ya kwenye kigoda nyuma ya nyumba yenu, nilikuwa naitazama ikitembea na miguu mirefu.

Nilibaki pale. Wengine walikuwa wanapiga picha za ziwa. Kavira, sijawahi kuwa peke yangu hivyo, hata siku ile Bwera. Mwalimu Thembo akaja akachutama karibu nami.

"Amekula?"

"Kidogo."

"Haya," akasema. "Ni vizuri." Akanigusa bega, akaondoka, naye alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Mvua ilikuja, yule kijana wa mluzi alitazamwa na kila mtu. Tuliteremka kwenye matope. Maren hakusema neno na mimi wala na mtu yeyote, mpaka penye utelezi mbaya juu ya mto akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Niliushika. Alikuwa na haki ya kuuachia tulipofika chini lakini hakuuachia, na hivyo ndivyo tulivyopita kwenye kizuizi, na afande hakutaka majina.

Jumapili tulikuja kwako, yeye na mimi na mwalimu. Msalaba wako ni wa mbao na jina limepakwa rangi nyeupe. Maren alisimama pale muda mrefu na kofia mkononi. Mimi niling'oa majani, kwa sababu nikiwa na kazi mikononi naweza.

Kisha tukaenda kwa mama yako. Maren alimshika mikono akasema, "Pole sana, Mama Masika. Niko na huzuni mingi." Alikuwa anajua hata kumwita kwa jina la dada yako mkubwa. Mama yako alishika mlango. "Ni nani alikufundisha kusema vile?" Maren akasema ni Kavira. Mama yako alitoka nje, akarudi amenawa uso, akaketi mbele yake. "Sema tena. Sema kintu yoyote." Na Maren akasema. Alisimulia ng'ombe wa kwao, upepo wa kwao, bibi yake anayeendesha baiskeli, vitu vya ovyo tu, kwa ile "niko" na ile "weeh", na mama yako alikuwa amefumba macho. Mwalimu Thembo alijifanya anaangalia kalenda ukutani.

Nilikwenda nyuma kumsaidia mama kuosha vyombo, na hapo nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu mno. Nikamwambia, mama, siku ile ulinilisha kwanza, ukaniambia Kavira amelala, na ulikuwa unanitazama tu. Kwa nini uliniacha nikala?

Hakuacha kusugua sufuria. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Siku ile batu bote mu nyumba balikuwa banajua. Mie nilikuwa najua. Ni weye tu ulikuwa haujue. Wakati ulikuwa unakula, mutoto yangu alikuwa angali muzima kwa mutu moja. Sikutaka umalize mbio. Ndiyo nilikuongezea sombe."

Nilichukua sahani nikaipangusa, nikaipangusa tena ikiwa imeshakauka.

Maren amerudi kwao. Ameniandikia mara moja. Anasema ana sauti zako zote kwenye simu na anauliza kama nazitaka. Nimemwambia azitume kwa mama yako, mimi bado. Hata barua yake nimeshindwa kuijibu. Nikiisoma nakusikia, na nikiimaliza kuisoma niko bwenini, na wenzangu wanaongea Lhukonzo kule mlangoni, wananipunguzia sauti kwa heshima. Ni wema. Natamani wangepiga kelele.

Nimekaa nafikiri maneno ya mama yako. Kwa sababu, Kavira, baada ya mimi kumaliza kula, dunia nzima alibaki mtu mmoja ambaye kwake ulikuwa mzima. Uliumwa kidogo tu, uko kwenu, na Jumapili angekuja kukuona. Alipanda mlima nawe ukiwa hai. Aliniuliza unaogopa nini na unapenda nini, na nikamjibu, na njia nzima ulikuwepo. Mimi ndiye niliyempa chapati, na mimi ndiye niliyemwambia. Sasa tumekwisha. Hakuna tena mtu popote ambaye hajaambiwa.

Kwa hiyo kwaheri, ndugu yangu, mwenye Kiswahili cha miguu tupu. Nakuahidi sitasema tena kwa mtu yeyote kwamba unaumwa, wala "yule rafiki yangu" kisha ninyamaze. Nitasema Kavira, na nitasema umekufa, na nitakaa na anayeuliza mpaka amalize. Na siku za likizo nitakuja Bwera kuongea na mama yako, maana naye Kiswahili chake hakina pa kwenda.

Hakuna tena anayengoja Jumapili aje kukuona. Nitakuja mimi.

Nekesa